Kisukari cha watoto: kabla hujamnyooshea mama kidole, soma uzi huu (Mtwara na Lindi)

Nesi wa Kusini

Wakuu, habari za jukwaa.

Wazazi wenzangu wa huku kusini naomba mnivumilie, uzi ni mrefu. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto, na naandika kwa sababu kuna jambo naona linavunja nyumba za watu. Mtoto akigundulika ana kisukari, swali la kwanza la ndugu huwa si atatibiwaje. Huwa ni "kautoa wapi?" Likishaulizwa, macho yote kwa mama. Mawifi wanasema kwao hakuna mwenye sukari. Mama naye anaapa kwao hakuna. Katikati amebaki mtoto wa darasa la pili anayehitaji insulini kila siku ya maisha yake, na hela ya nauli ya kliniki inapelekwa kwa mganga kumtafuta aliyeroga.

Basi tuliongelee hilo swali lenyewe, kautoa wapi.

Kisukari cha utotoni kilichochunguzwa zaidi duniani kinaitwa aina ya 1. Si kile cha wazee kinachoendana na unene na umri. Katika aina ya 1, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, inaziua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu na kuiingiza misulini. Zile seli zinaitwa beta. Zikishakufa nyingi, sukari inabaki kwenye damu na misuli inakosa chakula, ndiyo maana mtoto anakula vizuri na bado anakonda. Ugonjwa huu una ndugu zake: seliaki, ambapo ngano inaiamsha kinga ishambulie utumbo, na magonjwa fulani ya tezi ya shingo, na baridi yabisi ya watoto. Kanuni nyingi za chini zinawahusu na wao, ila nitakaa kwenye kisukari.

Tuanze na jeni, yaani vinasaba, kwa sababu ndizo ukoo unazozitaja bila kuzijua. Kwenye kromosomu ya 6 (moja ya nyuzi zinazobeba jeni) kuna kundi la jeni linaloitwa HLA. Kazi yake ni kuchukua vipande vidogo vya protini na kuvionyesha kwa askari wa kinga, seli T, waamue hiki ni chetu au ni adui. Waliowahi kufika ghalani wakati wa mnada wa korosho watanielewa: mnunuzi hakagui gunia zima, anaonyeshwa sampuli, na bei inapangwa kwa sampuli. Binadamu tunatofautiana HLA, kwa hiyo "sampuli" tunazowaonyesha askari wetu zinatofautiana. Aina mbili, DR3-DQ2 na DR4-DQ8, zinaonyesha vipande vya protini za seli beta kwa namna inayorahisisha askari kukosea. Karibu nusu ya uzito wote wa urithi kwenye aina ya 1 uko hapo. Nusu nyingine imetawanyika kwenye zaidi ya sehemu 50 za vinasaba, kila moja na mchango mdogo.

Sasa sikilizeni hesabu hizi za uwezekano wa mtoto kupata ugonjwa huu, zimetoka kwa watu wenye asili ya Ulaya ambako data ni nyingi. Mtoto wa kawaida: takriban 0.4 kati ya 100. Mama akiwa na aina ya 1, mtoto wake: takriban 3 kati ya 100. Baba akiwa nayo: takriban 6 kati ya 100. Ndiyo, hatari inayopitia kwa baba ni kubwa kuliko inayopitia kwa mama, na mawifi wakae nalo hilo. Tena zaidi ya asilimia 85 ya watoto wanaogundulika hawana mzazi wala ndugu wa tumbo moja mwenye ugonjwa huo. Kwa hiyo "kwetu hakuna" haithibitishi chochote. Jeni hizi zinabebwa na watu wengi mno wanaozeeka bila kuugua.

Mapacha wa kufanana wana jeni zilezile moja kwa moja. Mmoja akipata aina ya 1 utotoni, mwenzake anaweza kukaa miaka kumi au ishirini mzima, na wengine hawapati kabisa. Jeni zingekuwa ndizo zote, wangeugua wote wawili. Kuna kitu kinaongezeka toka nje.

Ufini ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa aina ya 1 ya watoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walikuwa wanapata wagonjwa wapya karibu 12 kwa mwaka katika kila watoto 100,000. Katikati ya miaka ya 2000 wakapita 60. Vinasaba vya taifa havigeuki hivyo kwa vizazi viwili. Na ng'ambo tu ya mpaka, Karelia ya Urusi, watu wana jeni za hatari zinazokaribiana na za Wafini, lakini ugonjwa ulikuwa kama sehemu moja ya sita.

Mfano wa pili unanigusa zaidi kwa sababu unahusu watu waliohama. Huko Bradford, Uingereza, watoto wa familia zilizotoka Asia Kusini walifuatiliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwanzoni ugonjwa kwao ulikuwa kama 3 kwa 100,000. Miaka kumi baadaye ulikaribia 12, ukasogelea wa wenyeji. Jeni walikuja nazo toka kwao. Kilichobadilika ni nyumba, chakula, hewa, vijidudu, jua.

Lakini msikimbilie upande wa pili mkasema basi ni mazingira tu. Kisiwa cha Sardinia, Italia, kina ugonjwa mwingi sana. Familia za Sardinia zilizohamia bara na kuzaa huko, watoto wao waliendelea kuwa na hatari ya kisiwani ingawa majirani zao wa bara hawakuwa nayo. Hapo jeni zimesafiri na mzigo wao.

Mawili haya yanafanya kazi pamoja. Kuulizana "ni ukoo au ni chakula" ni kuanza vibaya.

Nitarudi jioni niwaeleze ni kitu gani hasa cha mazingira. Karibuni.

Babu Korosho

Ahsante binti. Mimi niko Tandahimba. Swali langu ni muhogo. Sisi ugali wetu ni wa makopa toka enzi na enzi. Kuna kijana alipita hapa akatuambia muhogo una sumu na ndiyo inayoua kongosho za watoto. Mjukuu wangu ana sukari, na mama yake sasa kakataa kabisa muhogo usipikwe nyumbani. Mchele hatuna uwezo nao kila siku.

Nesi wa Kusini

Shikamoo babu. Naomba muhogo urudi mezani.

Huyo kijana amechanganya mambo mawili. Ni kweli muhogo mchungu una sumu ya sayanidi, na ni kweli Mtwara tuliumia nayo: mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulitokea konzo kwenye baadhi ya vijiji vyetu, miguu ya watu inakakamaa ghafla na hairudi. Ile ilitokana na muhogo mchungu ambao haukuandaliwa ipasavyo, kipindi cha njaa, na mlo usio na protini. Konzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Hauhusiani na insulini.

Wazo la kwamba muhogo unaleta kisukari lilizungumzwa sana na madaktari wa nje miaka ya 1970 na 1980. Watafiti wa hapahapa Tanzania wakalipima kwa kwenda kwenye kijiji kinachoishi kwa muhogo, na mwaka 1992 wakachapisha jibu: kisukari hakisababishwi na sumu ya muhogo. Walaji muhogo hawakuwa na kisukari kingi kuliko wengine.

Mjukuu ale anachokula wenzake. Muhogo ni wanga, unapandisha sukari kama ugali wa sembe na kama wali, kwa hiyo kiasi chake kiendane na dozi ya insulini. Mboga na samaki viwepo. Mkisema kwa mtoto kwamba muhogo ndio uliomuumiza, anaishia kuwaogopa waliompikia.

Kijana wa Mikindani

Mkuu umesema vijidudu. Nimewahi kusikia kwamba Wazungu wanaugua haya magonjwa kwa sababu ya usafi kupitiliza, watoto wao hawachezi chini, hawana minyoo. Hilo ni kweli? Na kama ni kweli, hizi kampeni za dawa za minyoo mashuleni hazituponzi?

Nesi wa Kusini

Swali zuri, linaniingiza moja kwa moja kwenye mazingira.

Wazo hilo lina ushahidi wa kutosha kulichukulia kwa uzito. Kwenye maabara kuna panya wanaozaliwa na hatari kubwa ya kupata kisukari cha aina hii. Wakiambukizwa kichocho wakiwa wadogo, wengi hawaugui. Na kwenye utafiti uliolinganisha watoto wa Ufini, Estonia na Karelia ya Urusi, bakteria wa tumboni walitofautiana tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Wale wa Ufini na Estonia walikuwa na bakteria wengi wa kundi la Bacteroides, ambao utando wao hauisisimui kinga ya mtoto. Wa Karelia walikuwa na bakteria wanaoisisimua, na inaonekana kinga inahitaji mazoezi hayo mapema ili ijue kutulia baadaye.

Lakini dawa za minyoo mpeni mtoto, tafadhali. Nimewaona watoto wa Lindi vijijini wakikojoa damu kwa kichocho. Nimewaona wasichana wa miaka kumi na mbili wana damu chache kiasi cha kushindwa kupanda ngazi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba kumwachia mtoto minyoo kunamkinga na kisukari, na madhara yake tunayajua kwa macho. Mtoto acheze na wenzake, acheze mchangani, anyonye maziwa ya mama, asipewe antibiotiki kila akipiga chafya. Hayo yana faida zake hata ukiweka kisukari pembeni.

Tuendelee. Utafiti mkubwa kuliko yote wa jambo hili unaitwa TEDDY. Kati ya 2004 na 2010 walipima vinasaba vya watoto wachanga zaidi ya 420,000 huko Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani. Wenye HLA za hatari wakaalikwa, wakaingia 8,676, wakapangiwa kufuatiliwa mpaka umri wa miaka 15: damu, kinyesi, chakula, kila homa iliandikwa. Matokeo yake yalibadilisha namna ninavyowajibu wazazi.

Kwanza, shambulio linaanza mapema kuliko tulivyodhani. Dalili zinatokea mtoto ana miaka saba, lakini antibodi (silaha za kinga zinazoonekana kwenye damu) dhidi ya insulini yake mwenyewe mara nyingi zilishaonekana akiwa na mwaka mmoja mpaka miwili. Kwa hiyo ile soda aliyokunywa sikukuu iliyopita haihusiki. Homa ya wiki iliyopita haikuanzisha, imefichua tu.

Pili, njia za kuingia kwenye ugonjwa ni zaidi ya moja. Watoto wenye DR4 huelekea kuanza na antibodi za insulini wakiwa wadogo. Wenye DR3 huelekea kuanza na antibodi nyingine, za GAD (protini iliyomo kwenye seli beta), wakiwa wakubwa kidogo. Jeni ndiyo inaelekeza njia ipi.

Tatu, virusi. Virusi vya entero vya kundi B, ambavyo kwa watoto wengi huleta mafua na kuhara tu, vilihusishwa na shambulio hasa pale vilipokaa tumboni muda mrefu. Aliyevipata vikapita haraka hakuwa na shida kama yule ambaye virusi vilevile viliendelea kuonekana kinyesini mwezi baada ya mwezi.

Nne, vitamini D. Waliokuwa na kiwango cha juu kidogo walipata antibodi kwa uchache, na faida ilitegemea jeni moja ya kipokezi cha vitamini hiyo. Ngozi huitengeneza vitamini hiyo kwa jua, na huko majira ya baridi jua ni haba. Sisi Mtwara tuko nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, mtoto anayecheza nje nguo nyepesi kwa kawaida hana tatizo hilo.

Maziwa ya ng'ombe yalishukiwa miaka mingi. Wakafanya jaribio kwenye nchi 15, watoto wachanga wa familia zenye ugonjwa wakapewa maziwa maalumu yaliyovunjwavunjwa protini. Mwaka 2018 majibu yakatoka: hakuna tofauti. Mama uliyemwanzishia mwanao maziwa ya kopo kwa sababu maziwa yako yalikauka, hukumpa kisukari.

Mama Pacha

Dada, nimesoma nalia. Nina mapacha wa kufanana, wa kike, wana miaka tisa. Mmoja ana kisukari mwaka wa pili huu. Mwenzake mzima. Kila akiomba maji usiku moyo unanilipuka. Mume wangu anasema tuwatenganishe, mmoja aende kwa bibi yake Nachingwea, labda ni mazingira ya hapa nyumbani. Nifanye nini?

Nesi wa Kusini

Pole sana mama. Usiwatenganishe.

Kama shambulio lilianza, huenda lilianza zamani wakiwa wadogo sana, kuhamia Nachingwea leo hakufuti kitu. Na yule anayeumwa anamhitaji mwenzake kuliko dawa nyingine yoyote utakayomnunulia.

Kweli hatari ya huyu mzima ni kubwa kuliko ya mtoto mwingine, sitakuficha. Kwenye tafiti za mapacha wa kufanana, takriban theluthi mpaka nusu ya wenzao wanakuja kupata. Maana yake pia wengi wanaweza kukaa miaka na miaka bila kupata. Kuna kipimo cha antibodi kinachoonyesha kama kinga imeanza kushambulia. Mtoto mwenye antibodi za aina mbili au zaidi, asilimia 70 hufikia ugonjwa ndani ya miaka 10. Asiye nazo kabisa, una sababu ya kulala. Kipimo hicho hakipo hospitali za wilaya. Muulize daktari wa watoto kama anaweza kukuandikia uende rufaa ya kanda au Dar. Marekani tangu Novemba 2022 wameidhinisha dawa ya teplizumabu, inayochelewesha ugonjwa kwa wastani wa miaka kama miwili kwa waliofikia hatua ya antibodi na sukari iliyoanza kuyumba. Huku kwetu bado ni ya kusikia.

Unachoweza leo: kipima sukari unacho tayari kwa ajili ya pacha wake. Akianza kuomba maji kupita kawaida na kukojoa sana, mchome kidole palepale. Siku nyingine zote mwache awe mtoto.

Mwalimu Ruangwa

Mkuu naheshimu uliyoandika, ila nina hoja. Ufini, Uswidi, Marekani, Bradford. Sisi tuko wapi? Mnachukua sayansi ya damu za watu wengine mnatuvisha. Mwanafunzi wangu ana kisukari, kakonda toka alivyokuwa mdogo, kwao njaa ni ya kila mwaka. Sioni virusi vya Ufini hapo.

Nesi wa Kusini

Mwalimu, hoja yako ni ya msingi kuliko zote zilizowekwa humu, na mwaka 2025 ilipata jibu kubwa.

Utafiti unaoitwa YODA ulichukua watoto na vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ambao madaktari wao walikuwa wanawatibu kama aina ya 1. Walipopimwa antibodi, takriban asilimia 65 hawakuwa nazo. Na hao wasio na antibodi walikuwa pia na mzigo mdogo wa zile jeni za hatari. Yaani kwa watoto wawili kati ya watatu, hakukuwa na alama ya kinga kujishambulia. Insulini yao ni kidogo, lakini kuna sababu nyingine.

Sababu ipi? Hapo ndipo mwanafunzi wako anapoingia. Mwaka huohuo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikubali kuitambua rasmi aina ya 5, kisukari kinachohusishwa na utapiamlo wa tangu tumboni na utotoni. Kongosho linajengwa mapema, na mtoto aliyekosa chakula kipindi hicho anaweza kukua na seli beta pungufu. Mikoa yetu miwili inaujua udumavu. Nchini kwetu takwimu za zamani za Dar es Salaam, za miaka ya 1980, zilionyesha wagonjwa wapya chini ya 2 kwa mwaka katika kila watoto na vijana 100,000, na sehemu ya uchache huo nahofia ni watoto waliozikwa kabla ya kupimwa.

Kwa hiyo sayansi ya Ufini inamhusu mtoto wa Mtwara mwenye antibodi. Asiye nazo anahitaji sayansi yake, na inabidi ifanywe hapa, kwa damu za hapa. Nataka sana iwe hivyo. Ila aina yoyote iwayo, mtoto asiye na insulini anapewa insulini. Asiachishwe kwa sababu mzazi kasoma uzi huu.

Bi Liwale

Naomba niseme langu. Mwanangu alianza kukojoa kitandani wakati alishaacha. Nikamchapa, Mungu anisamehe. Asubuhi pale alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi wamejaa. Nikampeleka kituo, wakasema malaria, kipimo hakikuonyesha lakini wakampa dawa hivyohivyo. Siku ya tatu anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, mdomo unanukia kama embe lililoiva sana. Shemeji akasema hayo ni mashetani, tumpeleke kwa fundi. Nikakataa, nikakodi bodaboda mpaka hospitali nyingine. Wakapima sukari, mashine ikaandika "HI", yaani sukari iko juu kupita inavyoweza kupima. Amepona kwa uwezo wa Mungu, siku hizi anachoma mwenyewe.

Nesi wa Kusini

Bi Liwale, ulimwokoa mwanao siku ile ulipopanda bodaboda.

Wote mnaosoma, yaliyoandikwa hapo juu ndiyo dalili zenyewe, hazihitaji kitabu. Kiu, mkojo mwingi, kitanda kulowa tena kwa mtoto aliyeacha, sisimizi kwenye mkojo, kukonda huku anakula. Hapo bado una muda. Akianza kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa kina na kwa haraka, mdomo kunukia matunda, damu imeshakuwa na asidi na unahesabu saa. Baadhi ya zahanati wana mashine ya sukari. Sema kwa sauti: "Naomba apimwe sukari." Tone moja la damu, majibu ndani ya dakika. Ikifika 11.1 (mmol/L) au zaidi kwa mtoto mwenye dalili hizo, aende hospitali siku hiyohiyo, asisubiri kesho. Kipimo cha malaria kikiwa hasi na mtoto anazidi kuzorota, sisitiza apimwe sukari.

Baba Zuhura

Nesi, la mwisho kwangu. Desemba kijana wetu anaingia jando, ana insulini mwaka wa tatu. Wazee wanasema kambini hakuingii sindano. Na friji hatuna.

Nesi wa Kusini

Kaka, kaa na wazee mapema, usisubiri wiki ya mwisho. Tohara afanyiwe hospitali sukari yake ikiwa imetulia, kwa sababu ikiwa juu kidonda hakifungi na kinaoza. Mafundisho akapewe kambini na wenzake, asikose. Ila insulini haikatwi hata siku moja, hata siku asiyokula vizuri. Awepo mtu mzima mmoja aliyefundishwa kuchoma na kupima, na sukari ya kulamba iwepo karibu akianza kutetemeka na kutoka jasho. Wazee niliowahi kuongea nao walielewa walipoambiwa wazi kwamba bila sindano mtoto anafariki ndani ya siku chache.

Friji: mtungi wa udongo mpya, uweke ndani ya beseni lenye mchanga uliolowa, kivulini penye upepo. Chupa ya insulini iwe ndani ya mfuko mkavu uliofungwa, humo mtungini, isiguse maji. Mchanga uloweshe asubuhi na jioni. Chupa ikishafunguliwa, baada ya wiki nne itupe hata kama imebaki. Ya akiba iombe ibaki kwenye friji ya zahanati iliyo jirani na kambi, na umwandikie mhudumu jina la mtoto kwenye boksi.